Chekechea Namba Mbili

Sauti aliyobaki nayo Drahomíra Votrubová maishani ni ya mchele unaomiminwa polepole juu ya gazeti. Aliisikia asubuhi moja ya Januari, akiwa amesimama peke yake katikati ya msitu wa mlimani, siku ambayo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyoya. Hakuna aliyekuwa akimimina mchele. Ilikuwa misonobari inadondosha sindano zake juu ya ganda la theluji, sindano mbichi, bado za kijani, miti yote kwa pamoja, kama watu waliokubaliana kuvua nguo. Zilidondoka mchana kutwa. Aliposhuka jioni kutoa taarifa, aliambiwa kwamba ni baridi.

Kwamba ni baridi, hakuna aliyebisha. Baridi imekuwapo kwenye Milima ya Krušné tangu milima iumbwe, na misonobari iliivumilia miaka yote hiyo bila kulalamika. Ila mwaka ule, kwa sababu zisizojulikana, iliamua kudeka. Na kwamba bondeni, chini ya milima hiyo, zilisimama dohani za vituo vya umeme zikichoma makaa ya mawe usiku na mchana na kutema salfa angani, hilo lilikuwa jambo jingine kabisa, na kila jambo lina ofisi yake.

Fomu ya idara ya misitu ilikuwa na nafasi ya kuandika sababu ya kifo cha mti. Palikuwa na upepo, theluji, baridi, wadudu, na mengineyo. Moshi haukuwamo. Drahomíra aliwahi kuuongeza pembeni kwa mwandiko wake. Fomu ikamrudia imepigwa mstari mwekundu, na chini yake mtu mstaarabu ameandika: "Mengineyo yanatosha."

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mfupi, mwenye viganja vipana ambavyo sabuni ilikwisha kukata tamaa navyo. Wazazi wake walihamia kijiji cha Horní Smolná mara tu baada ya vita, yeye akiwa na miaka minane, wakapewa nyumba ya watu wa upande ulioshindwa, waliofukuzwa wiki ileile. Vikombe vya wenyewe vilikuwa bado kabatini, na kabichi yao ilikuwa bado inachachuka ndani ya pipa. Mama yake hakuwahi kuvizoea vile vikombe. Mtoto akatoka nje akaenda msituni, kwa kuwa msitu peke yake haukumuuliza ametoka wapi. Akakulia humo, akaajiriwa humo, na sasa ulikuwa mwaka wa ishirini na mbili tangu awe mkuu wa kitalu cha miche. Cheo hicho kilikuwa na watu watatu chini yake, toroli moja, na bomba la maji lililoganda kila ifikapo Novemba.

Mumewe alifanya kazi bondeni, kwenye dohani hizohizo. Watu wale nini? Na serikali haikuwa na roho mbaya: aliyeishi eneo lile miaka kumi alipewa posho maalumu. Jina la posho hiyo kwenye karatasi lilikuwa refu na la heshima. Wenyeji waliiita rambirambi. Tofauti na rambirambi za kwingine ni kwamba hapa marehemu alitia saini mwenyewe.

Mti unaojijua kwamba unakufa huzaa kupita kiasi. Vuli ya mwaka ule wa sindano, misonobari michache iliyokuwa bado imesimama juu ya kilele kiitwacho Mgongo wa Mbweha ilielemewa na matunda kama harusi ya mwisho ya ukoo. Drahomíra akapanda na ngazi na magunia, akachuma. Majira ya baridi yaliyofuata miti ile ikakatwa, ikawa nguzo za kushikilia mapaa ya migodi, ili makaa zaidi yapatikane, ili moshi zaidi upatikane. Mpango ulikuwa umefikiriwa vizuri. Kutokana na mbegu zile aliotesha miche elfu moja na mia sita. Hiyo tu ndiyo iliyobaki duniani ya misonobari ya mlima ule, ambayo matawi yake hulala chini kama mikono ya mtu aliyechoka, theluji ikateleza bila kuyavunja. Misonobari ya kutoka kwingine huinua mabega, inabeba theluji kwa fahari, na kufikia Februari imevunjika shingo.

Wakubwa waliamini kwamba tatizo ni miti, na kwamba dawa ni kutafuta miti mingine. Drahomíra alijua kwamba tatizo lilikwisha kushuka chini. Mvua ilikuwa inanyesha siki. Ukichimba unakuta mizizi mifupi myeusi kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka, na nyungunyungu humwoni. Kila mwaka sampuli za udongo zilipelekwa mji mkuu kupimwa, na majibu yakapigwa mhuri wa siri. Kwa hiyo udongo wa Horní Smolná ukawa siri ya taifa, na wenyeji wakaruhusiwa kuukanyaga, si kuujua.

Ila kabichi nyekundu haikuwa imekula kiapo chochote. Ukiichemsha unapata maji ya zambarau. Ukiyachanganya na maji yaliyochujwa kwenye udongo mzima, yanaelekea kwenye bluu. Kwenye udongo uliotiwa chokaa, yanakuwa na ukijani. Kwenye udongo mchachu, yanageuka waridi. Udongo wa Horní Smolná ulitoa waridi nzuri sana, ya kuvalia harusini. Drahomíra akaanza kupanda Mgongo wa Mbweha kila Jumapili na chokaa mgongoni, akainyunyiza kwa mkono kwenye kipande chenye ukubwa wa madarasa mawili. Baada ya miaka mitatu udongo wa juu ukatoa bluu. Chini zaidi hakupima. Yako maswali ambayo mtu huyapita kwa haraka, kama anavyopita nyumba ya mchumba wake wa zamani.

Hapo ndipo alipokusudia kuirudisha miche yake, majira ya kuchipua ya mwaka unaofuata, pale mama zao waliposimama. Hakutaka kingine.

Mwezi Oktoba mwaka wa themanini na tatu akaja bosi wake, Mhandisi Kubát, mtu mrefu, mpole, aliyezoea kuzungumza huku akitazama viatu vyake.

"Ndugu Votrubová," akasema, "vile vitanda vya nyuma, vya miche ya kienyeji, vifute kabla ya Novemba kuisha. Wilaya inataka msonobari wa bluu mtupu."

"Nivifute vipi?"

"Ng'oa, choma."

"Ni miche elfu moja na mia sita, Ndugu Mhandisi."

"Ndiyo maana nimekupa mwezi mzima."

"Hii ndiyo mbegu pekee ya mlima huu. Mingine yote imekuwa nguzo. Huo wa bluu ni wa Marekani, haurefuki, haufai mbao, ndege hawataki hata kuukalia."

"Wa bluu unavumilia."

"Unavumilia nini?"

Kubát akazitazama dohani za bondeni, kisha akavirudia viatu vyake.

"Hali ya hewa," akasema.

Wiki iliyofuata hali ya hewa hiyo ikaamua kulala. Hewa ya baridi ilijilaza bondeni, hewa ya joto ikaifunika juu kama mfuniko wa sufuria, na moshi wote ukabaki humo ndani, ukipanda taratibu mpaka kijijini. Mchana taa za barabarani ziliwaka. Chai ilikuwa na ladha ya yai bovu. Watoto wadogo walikatazwa kutoka nje, na usiku kijiji kizima kilisikika kikikohoa, nyumba hadi nyumba, kama mbwa wanaoitana. Ndipo wilaya ikatoa waraka: kutokana na hali ya hewa isiyofaa, watoto wa chekechea zote wapelekwe kusini, kwenye hewa safi, kwa wiki tatu.

Hapa ni lazima mtu ajue kwamba katika lugha ya watu hawa neno ni moja. Mahali wanapolelewa watoto kabla ya shule panaitwa školka. Mahali inapooteshwa miche kabla ya msitu nako ni školka. Wenyewe hawaoni ajabu yoyote, kwa kuwa vyote viwili ni vitu vidogo vinavyohitaji maji na visivyopenda kusukumwa. Kule wilayani karani mmoja alifungua daftari lake, akakuta Horní Smolná ina školka mbili, moja karibu na kanisa, nyingine karibu na kijito. Akaandika namba moja na namba mbili. Idadi ya watoto wa namba mbili hakuiona popote, akanakili ya namba moja, mtu asije akasema hakumaliza kazi.

Barua ya namba mbili ililetwa kwa mkono na Blažena, dada wa mume wa Drahomíra, ambaye ndiye mkuu wa chekechea ya kweli. Alifika kitaluni kitambaa mdomoni, machozi yakimtoka, na haikuwa kwa moshi tu.

"Wifi, hongera! Kumbe una watoto thelathini na wawili na hujatuambia!"

"Unasema nini?"

"Soma mwenyewe. Mabasi mawili. Langu Jumatatu, lako Jumanne. Kaka yangu anajua?"

Drahomíra akafuta mikono kwenye aproni, akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

"Na watoto wako, hakuna atakayekosa kiti?"

"Hakuna. Tangu nizaliwe ndiyo mara ya kwanza wanaleta zaidi ya tulichoomba. Nitapiga simu kesho, niwaambie hilo lako walizuie."

"Usipige."

"Nini?"

"Hapa chini pameandikwa: 'Mkuu wa školka atakayezembea kuwahamisha walio chini ya uangalizi wake atawajibishwa.' Mimi ni mkuu wa školka, siyo?"

Blažena akaacha kucheka.

"Wewe, usinitazame hivyo. Mara ya mwisho kunitazama hivyo ukaolewa na kaka yangu."

"Na nimejuta?"

"Hilo tusilizungumze mbele ya miche."

Jioni ile wakaketi jikoni kwa Drahomíra wakijaza fomu, maana hakuna mtoto anayesafiri bila fomu. Masanduku ya tufaha yaliyokuwapo yalikuwa thelathini na moja. Drahomíra akaazima moja zaidi kwa jirani, akapanga miche hamsini kwa kila sanduku, ili orodha isiseme uongo. Kila sanduku likapewa jina la ubatizo, Anežka, Vendelín, Hynek, Rozálie, na yote yakapewa jina moja la ukoo, Smrček, lenye maana ya msonobari mdogo. Ukoo huo upo, tena una watu wengi tu, na mmoja wao ni daktari wa meno.

"Umri?" Blažena akauliza, kalamu mkononi.

"Miaka mitatu na nusu."

"Wote?"

"Wote."

"Heri yako. Uchungu mara moja. Haya, kazi ya baba?"

"Mbao."

"Sekta ya mbao. Wana chawa?"

"Mwaka jana walikuwa na vidukari. Tuliwatibu."

"Hawana. Wanakojoa kitandani?"

"Andika wanahitaji maji asubuhi na jioni."

"'Mtoto anapenda kuwa na wenzake?'"

Drahomíra alikuwa anamenya viazi, kisu kikasimama.

"Andika kwamba kwenye kundi anasimama vizuri," akasema. "Peke yake upepo unamwangusha."

Kesho yake akampelekea Mhandisi Kubát karatasi, nakala tatu. Kubát alisoma ukurasa wa kwanza akawa mwekundu, akasoma wa pili akawa mweupe.

"Ndugu Votrubová, hili ni kosa la karani."

"Sawa, Ndugu Mhandisi. Niandikie hivyo, utie saini. 'Wilaya imekosea.' Mimi nitaipeleka mwenyewe."

Kubát akaitazama kalamu yake kama mtu anayemtazama nyoka aliyetulia. Hakuna aliyewahi kuandika sentensi hiyo katika idara yake.

"Basi niandikie sababu nyingine," Drahomíra akaendelea kwa upole. "Kwamba hewa ya hapa haina tatizo, kwa hiyo miche haihitaji kuondoka. Halafu wilaya iwaambie wazazi kwa nini watoto wanaondoka."

"Unanifanyia hivi kwa nini?"

"Natekeleza waraka. Miaka ishirini na mbili mnaniambia mimi ni mbishi. Leo nimetii mpaka nukta."

Nje mtu alikohoa. Mwishowe Kubát akatia saini, nakala zote tatu, kwa haraka, kama anayejidunga sindano mwenyewe.

"Wiki tatu," akasema. "Na wote warudi. Orodha ni orodha. Wakikosekana, kitalu hiki nakikabidhi kwa mtu mwingine, na hapo sitaweza kukusaidia."

Jumatatu watoto wa Blažena waliondoka na mito yao na vidoli vyao, wakikohoa na kuimba. Mchana ule Drahomíra akapanda Mgongo wa Mbweha kwa mara ya mwisho kabla ya safari. Alijaza mtungi mmoja mdogo, uliokuwa wa haradali, udongo wa juu, ule aliouhudumia kwa chokaa. Kisha, bila kujua anafanya nini, akaendelea kuchimba mpaka mkono ukazama hadi kiwikoni, akajaza mtungi wa pili. Akaufunga sana, kama mtu anayemfungia mdomo shahidi.

Jumanne saa mbili basi likasimama mbele ya geti la kitalu. Dereva, Mzee Hlavsa, alishuka akafungua mlango, akangoja.

"Mama, watoto wako wapi?"

"Hao hapo."

Hlavsa akayaangalia masanduku yaliyopangwa ukutani, mistari miwili miwili.

"Mimi nimeambiwa watoto."

"Karatasi yako inasemaje?"

"Školka."

"Na kibao kile getini?"

Hlavsa akasoma kibao, akairudia karatasi, akavua kofia, akajikuna.

"Školka," akakiri. "Haya. Nawafungulia dirisha, au watapata mafua?"

Sanduku moja kila kiti, thelathini na mawili. Walipanda taratibu ndani ya ukungu wa manjano, taa zimewashwa, hadi barabara ilipovuka kilima cha mwisho. Hapo ghafla wakatoka kwenye moshi kama watu wanaotoka majini. Hlavsa akasimamisha gari. Jua lilikuwa limejaa vioo vyote, na lilikuwa limeangukia ile miche, na basi zima likawa la kijani.

"Jua," Hlavsa akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

Nyumba ya mapumziko ya kusini ilikuwa kando ya msitu ambao haujui habari za mtu. Msimamizi wake, Matyáš Pešl, mtu mnene mwenye masharubu ya kizamani, alikuwa amesimama barazani. Nyuma yake, juu ya meza ndefu, vikombe thelathini na viwili vya kakao vilikuwa vikitoa mvuke. Alipouona mzigo unashuka, akaanza kuhesabu. Alipofika sanduku la kumi na nane, akauliza:

"Hawa wanakunywa kakao?"

"Hawanywi, Ndugu Pešl."

"Uji wa ngano je? Mke wangu amepika sufuria nzima."

"Maji tu. Na kivuli cha mchana."

"Watoto wa siku hizi," akasema Pešl, akaketi, akanywa vikombe vitatu mfululizo asiharibu chakula. Baadaye, aliposimuliwa kisa chote, alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akafuta macho, akachukua sepetu, akasema nyuma ya nyumba pana uwazi ambapo dhoruba iliangusha miti mwaka juzi, wanaweza kuifukia mizizi pale isikauke hadi siku ya kurudi.

Sepetu ya kwanza ilipozama, Drahomíra alichuchumaa. Udongo ulikuwa mweusi, wenye harufu ya uyoga na mkate. Nyuzi nyeupe nyembamba zilipita humo kama maneno ya barua. Nyungunyungu mmoja mnene, mwekundu, alijivuta bila haraka, akakerwa na mwanga, akarudi ndani.

"Vipi?" Pešl akauliza. "Umeona nini?"

"Nyungunyungu."

"Ah, wako wengi hao."

"Najua," akasema Drahomíra. "Nilikuwa nimesahau wanavyoonekana."

Wiki ya pili simu ikaita barazani. Alikuwa Kubát, na sauti yake, kwa mara ya kwanza, haikuwa ya mtu anayetazama viatu.

"Nimekuachia kitanda kimoja. Nimewaambia wilaya ni majaribio. Neno hilo wanalipenda. Majira ya kuchipua unaweza kuipanda miche yako kule juu kwenye kipande chako."

"Unakijua kipande changu?"

"Ndugu Votrubová, mtu anapanda mlima kila Jumapili na gunia jeupe, anarudi bila gunia. Kijiji kizima kinadhani unajenga kanisa." Akakohoa kwa muda mrefu. "Ila warudi wote. Tafadhali. Nimekwisha kusaini."

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyangoja miaka minne. Alipaswa kufurahi. Alifurahi, hadi siku ya Mtakatifu Martin, siku ambayo kila nyumba yenye heshima hula bata bukini na kabichi nyekundu. Mke wa Pešl alikuwa jikoni, sufuria ya kabichi inachemka, na Drahomíra akajikuta ameomba glasi tatu na maji kidogo ya ile kabichi.

"Ya kunywa?"

"Ya kuuliza."

Glasi ya kwanza akaitia maji ya udongo wa nyuma ya nyumba. Bluu tulivu yenye zambarau. Ya pili, udongo wa juu wa Mgongo wa Mbweha. Bluu, tena yenye ukijani.

"Huu wenu mzuri kuliko wetu!" Pešl akasema, uma mkononi.

Drahomíra akafungua mtungi wa haradali uliobaki, ule wa udongo wa chini. Akakoroga, akachuja kwa kitambaa, akamimina. Waridi ikapanda polepole kutoka chini ya glasi, ikajaa yote, safi kabisa, kama shavu la msichana aliyetajiwa jina la mtu. Miaka mitatu ya Jumapili zake ilikuwa imeshuka kina cha kiganja kimoja.

"Inamaanisha nini?" mke wa Pešl akauliza.

"Inamaanisha watakua vizuri," Drahomíra akasema. "Watapendeza. Watu watakuja kuwapiga picha. Kubát atapewa nishani. Kisha watafika umri wa darasa la tatu, la nne, mizizi itafika hapa", akaigusa glasi, "na asubuhi moja isiyo na upepo watadondosha sindano."

"Labda kufikia hapo watakuwa wamezima hizo dohani."

"Wanaweza kuzizima kesho. Udongo huu wa chini hausikilizi redio."

Bata akapoa. Pešl alikuwa mtu wa kupenda chakula, lakini alisukuma sahani.

"Uwazi ule nyuma," akasema, "hauna mwenyewe wa kuuliza. Mimi ndiye ninayejaza fomu zake."

"Si kwao huku."

"Ndiyo. Si kwao."

Drahomíra alikaa siku mbili bila kuamua. Alizunguka, aliosha masufuria ambayo hakuombwa kuosha, alimpigia Blažena simu akamuuliza habari za kikohozi cha watoto. Kimepungua, Blažena akasema, wanakula kama nzige, na wawili wameuliza kama wanaweza kubaki. "Nikawaambia haiwezekani, kwenu ni kwenu," Blažena akasema, kisha akashusha sauti. "Unajua, wifi, nilipowaambia hivyo sikuwaangalia usoni."

Siku ya tatu Drahomíra akachukua sepetu. Walipanda yeye, Pešl na mkewe, siku nne mfululizo, miche elfu moja na mia sita, karibu karibu, kundi kwa kundi, kwa kuwa peke yao upepo unawaangusha. Alijua hesabu ya mbele. Wangemnyang'anya kitalu. Wangempa jembe na kundi la wanawake, na angemalizia miaka yake akipanda msonobari wa bluu kwenye mlima alikolelewa, mti wa paredi, mgongo wima, usiokufa na usioishi. Na Mgongo wa Mbweha haungeona tena tawi linalolala chini kama mkono wa mtu aliyechoka, si kwa umri wake, pengine si kwa umri wa yeyote aliyemfahamu.

Basi lilikuja siku iliyoandikwa. Mzee Hlavsa alishuka, akaona masanduku matupu yamepangwa, akaelewa, akaanza kuyapakia bila kuuliza, moja kwa kila kiti, kama alivyofundishwa. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza, nyepesi, nyeupe kweli, nyeupe ambayo Drahomíra ilimbidi aitazame mara mbili. Pešl akampa chupa ya kakao ya njiani. Hlavsa akapiga honi mara moja, kwa adabu.

"Nakuja," akaitikia.

Hakuja. Alirudi nyuma ya nyumba, akapita mstari hadi mstari, akipiga magoti hapa na pale kukandamiza udongo kwa kiganja, mahali ambapo ulikuwa umekwisha kukandamizwa. Theluji iliangukia miche, ikakaa kidogo juu ya matawi yale madogo, kisha ikateleza, kama ilivyotakiwa. Mbele ya mche wa mwisho, usiofika goti, aliinama hadi uso wake ukakaribia kuugusa. Alizungumza kwa sauti ndogo sana, ile ambayo mama hutumia mlangoni kwa mtoto aliyekaribia kulia, wengine wasisikie.

"Msirudi," akasema. "Hata nikiwaita."